Dawa, Damu na Figo: Madhara Adimu ya Tiba ya Sklerosisi na Lugha ya Kuyatambua

Neno dawa katika Kiswahili lina nyuso mbili. Mzazi anaweza kuingia dukani akanunua dawa ya kikohozi ya mtoto wake, na katika safari iyo hiyo akanunua dawa ya panya, wala muuzaji asione ajabu yoyote katika matumizi ya neno moja kwa vitu viwili vyenye malengo yanayopingana. Nchini Kenya, chombo cha serikali kinachosimamia masuala haya huitwa Bodi ya Dawa na Sumu, jina linaloyaweka maneno hayo mawili bega kwa bega bila kigugumizi. Makala haya yanahusu mahali ambapo nyuso hizo mbili hukutana: ugonjwa wa neva uitwao maltipo sklerosisi, dawa mbili zinazotumiwa kuutibu, na madhara ambayo dawa hizo huweza, kwa wagonjwa wachache, kuyasababisha katika damu na figo.

Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akauliza mada hii ina uhusiano gani na taaluma yake. Jibu lenyewe litajitokeza kadiri mjadala unavyoendelea, lakini si vibaya kulidokeza mapema. Madhara yanayozungumziwa hapa yanaweza kuua, na yanaweza pia kuzuiwa yasiue. Aghalabu kinachoamua ni iwapo mgonjwa aliyeona alama fulani mwilini mwake alijua kwamba alama hiyo ina maana, na iwapo alikuwa na neno la kumwelezea muuguzi. Kwa hivyo suala hili ni la maabara, na papo hapo ni la lugha.

Ugonjwa wa Makovu

Jean-Martin Charcot, daktari wa Hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mnamo mwaka wa 1868. Katika ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa waliofariki, aliona mabaka magumu yaliyotapakaa huku na huko, na jina la Kifaransa alilolitumia lilisema hivyo tu: ugumu ulio katika mabaka. Neno sklerosisi lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni hali ya kuwa kugumu. Maadamu Kiswahili hakijapata istilahi moja iliyokubalika na wengi kwa ugonjwa huu, neno sklerosisi pekee ndilo litakalotumika hapa.

Nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo zimezungushiwa ala ya mafuta iitwayo maielini, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Katika sklerosisi, mfumo wa kinga ya mwili huishambulia ala hiyo kana kwamba ni adui aliyetoka nje. Popote inapoharibika, ujumbe wa neva huchelewa au hukatika kabisa. Mgonjwa mmoja huona ukungu katika jicho moja, mwingine hufa ganzi mguu, wa tatu hushindwa kutembea bila kupepesuka, na takriban wote hulalamikia uchovu usioelezeka. Kwa wagonjwa wengi dalili huja kwa vipindi: zikazuka, zikatulia kwa miezi au miaka, kisha zikazuka tena. Vipindi hivi vya mzuko vina uzito mkubwa katika hoja itakayofuata, na msomaji anaombwa avikumbuke.

Hapa Kiswahili kinaleta utani ambao hakuna aliyeukusudia. Kinga ni ulinzi. Kinga pia ni kijinga cha moto, na wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sklerosisi ni kinga ya maana ya kwanza iliyogeuka kuwa kinga ya maana ya pili. Dawa za ugonjwa huu, basi, ni majaribio ya kuupoza moto huo bila kuuzima kabisa, kwani mwili usio na kinga yoyote huliwa na maradhi mengine.

Ugonjwa huu hupatikana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, zikiwemo za Ulaya kaskazini pamoja na Kanada, na huripotiwa kwa uchache katika Afrika Mashariki. Uchache huo kwa upande mmoja ni wa kweli, na kwa upande wa pili ni wa vipimo. Ugonjwa huthibitishwa kwa picha za mashine ya MRI, mashine ambayo haipatikani katika hospitali nyingi za mashinani.

Interferoni na Mishipa Midogo

Mnamo mwaka wa 1957, Mwingereza Alick Isaacs na Mswisi Jean Lindenmann, waliokuwa wakifanya utafiti huko Mill Hill, London, waligundua kwamba chembe zilizokutana na virusi hutoa kitu kinachovizuia virusi vingine kuongezeka. Walikiita interferoni, kutokana na kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuingilia kati. Miaka 36 baadaye, yaani mwaka wa 1993, Marekani iliidhinisha interferoni beta kuwa dawa ya kwanza iliyobadilisha mwenendo wa sklerosisi. Utafiti uliotegemewa katika uamuzi huo ulifanywa Marekani na Kanada na ulihusisha wagonjwa 372. Dawa hii haiponyi, lakini hupunguza mizuko kwa takriban thuluthi moja. Mgonjwa hujidunga mwenyewe nyumbani, na kwa saa kadhaa baada ya sindano wengi hupata joto la mwili, kuumwa na kichwa na maumivu ya misuli kama ya mafua. Jambo hili nalo linafaa kukumbukwa.

Ili kufahamu madhara yenyewe, ni lazima kwanza kuitazama damu. Mbali na chembe nyekundu zinazobeba oksijeni na chembe nyeupe zinazolinda mwili, damu ina chembe ndogo zaidi zilizo bapa, ambazo Kiswahili huziita chembe sahani. Kazi yake ni kuziba. Mshipa ukichanika, chembe sahani hukimbilia pale, hushikana, na damu huacha kutoka. Katika hali ya kawaida huwa kati ya 150,000 na 400,000 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu.

Hebu sasa tuchukulie kwamba utando wa ndani wa mishipa midogo kabisa umeharibika katika maelfu ya sehemu kwa wakati mmoja. Chembe sahani hukimbilia kote huko, na vijigando visivyohesabika hujengeka ndani ya mishipa ambayo ni myembamba kuliko unywele. Mambo matatu hufuata. La kwanza, chembe sahani hutumika zikaisha, na mgonjwa ambaye damu yake inaganda mahali isipotakiwa huanza kuvuja damu mahali pengine, jambo linaloonekana kama kinyume cha akili. La pili, chembe nyekundu zinazolazimika kujipenyeza katikati ya vijigando hukatwakatwa. Vipande vyake, vikitazamwa kwa hadubini, hufanana na kofia za chuma za askari wa kale. Mgonjwa hupungukiwa na damu ilhali hajajeruhiwa popote. La tatu, viungo vilivyokuwa vikilishwa na mishipa hiyo hukosa damu, na figo ndizo zinazoumia zaidi. Kila figo ina takriban vichujio milioni moja, na kila kichujio ni furushi la mishipa midogo. Figo mbili kwa pamoja huchuja karibu lita 180 kwa siku. Mishipa hiyo ikiziba, kazi hiyo husimama.

Hali hii ilijulikana kabla ya interferoni kuwepo. Mwaka wa 1924, daktari Eli Moschcowitz wa New York alieleza kisa cha msichana wa miaka 16 aliyeugua ghafla, akapata homa na upungufu wa damu, akapooza, na kufariki baada ya siku chache. Mishipa yake midogo ilikutwa imejaa vijigando. Mwaka wa 1955, Conrad Gasser wa Uswisi na wenzake walieleza hali inayokaribiana na hiyo kwa watoto walioharibika figo. Wataalamu huziweka hali zote za namna hii chini ya jina moja, thrombotiki maikroangiopathi. Kwa Kiswahili chepesi twaweza kusema ugonjwa wa vijigando katika mishipa midogo.

Lililokuwa jipya ni kwamba dawa ya sklerosisi ingeweza kuuleta. Mwaka wa 2014, madaktari wa Uskoti waliripoti katika jarida la New England Journal of Medicine visa vya wagonjwa waliopatwa na hali hii wakiwa wanatumia interferoni beta. Ilipofika Oktoba mwaka uo huo, mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwa madaktari wote: visa vimeripotiwa, vingine vimesababisha vifo, na vinaweza kutokea wiki kadhaa au hata miaka kadhaa baada ya mgonjwa kuanza tiba. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mazito. Mtu aliyejidunga kwa miaka minane bila tatizo hudhani, na ni haki yake kudhani, kwamba dawa hiyo na mwili wake wameshazoeana.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 katika jarida la Blood ulitoa mwanga kuhusu chanzo. Panya waliofanywa wazalishe interferoni kwa wingi walipata uharibifu wa mishipa midogo, na kiasi cha uharibifu kilifuata kiasi cha interferoni. Maana yake ni kwamba tatizo halitokani na mzio wa mtu mmoja mwenye mwili wa ajabu. Ni interferoni yenyewe, ikiwa nyingi, inayozila kuta za mishipa polepole.

Ugonjwa Uliovaa Nguo za Ugonjwa Mwingine

Tahadhari zilizotolewa zinataja dalili za mapema: shinikizo la damu lililopanda kwa mtu ambaye hakuwa nalo, homa, kuchanganyikiwa, udhaifu wa viungo, kupungua kwa chembe sahani na kuzorota kwa kazi ya figo. Orodha hii inaonekana kuwa wazi kabisa ikisomwa mezani. Nyumbani kwa mgonjwa mambo huwa tofauti, kwa sababu karibu kila dalili iliyotajwa ina maelezo mengine yasiyotisha ambayo tayari yako mlangoni yakisubiri.

Mgonjwa ana homa na kichwa kinamuuma? Ni sindano ya jana, kama kawaida. Mguu umelegea na maneno yanamchanganya? Sklerosisi imezuka tena. Anaona ukungu? Ni neva ya jicho, kama ilivyokuwa mwaka juzi, wala hakuna anayefikiria kwamba shinikizo la damu lililopanda kupita kiasi nalo huweza kutia giza macho. Amechoka hata hawezi kuinuka? Wagonjwa wote wa sklerosisi huchoka. Miguu imevimba? Mtu anayeshinda ameketi huvimba miguu. Hapana jibu hata moja hapa ambalo ni la kipumbavu. Kila moja, likichukuliwa peke yake, ndilo jibu lenye uwezekano mkubwa zaidi, na hilo ndilo linaloufanya mtego huu uwe mkali.

Hatari yake ni ya vitendo. Daktari akiamini kwamba huu ni mzuko, ataiacha interferoni iendelee, au ataona kwamba haitoshi. Lakini hatua ya kwanza kabisa dhidi ya vijigando hivi ni kuisimamisha dawa mara moja. Hufuatiwa na kushusha shinikizo la damu. Baadhi ya wagonjwa hubadilishiwa utegili, yaani yale majimaji ya damu, na wale ambao figo zao zimesimama husafishwa damu kwa mashine. Wapo ambao figo zao hazikurudi katika hali ya awali hata baada ya dawa kuachwa.

Linalotia moyo ni kwamba vitu vinavyoutofautisha ugonjwa huu na mzuko wa kawaida si ghali. Mzuko wa sklerosisi haupunguzi chembe sahani. Haukatikati chembe nyekundu. Hautii protini katika mkojo. Kifaa cha kupimia shinikizo, kijiti cha kuchovya katika mkojo, na hesabu ya chembe za damu vinatosha kuonyesha kwamba kuna jambo jingine. Inashangaza kidogo kwamba ugonjwa unaothibitishwa kwa mashine ya mamilioni ya shilingi unaweza kulindwa dhidi ya madhara ya dawa yake kwa vifaa vinavyopatikana hata katika kituo cha afya cha kawaida.

Tahadhari ya mwaka wa 2014 ilitaja pia tatizo la pili la figo, ambalo haliji kwa kishindo. Vichujio havizibi bali hulegea, na protini ya damu huvuja kuingia katika mkojo. Mkojo hutoa povu lisilokatika upesi. Uso na nyayo huvimba. Hili nalo huweza kujitokeza baada ya miaka ya matumizi.

Kifo Kimoja na Vipimo vya Kila Mwezi

Dawa ya pili inaitwa alemtuzumabu. Chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Cambridge, katika idara ya patholojia, na jina lake la awali, Campath, limeundwa kwa kuunganisha jina la mji huo na la idara hiyo. Ilianza kutumiwa katika saratani ya damu, na tangu mwaka wa 1991 ikajaribiwa kwa wagonjwa wa sklerosisi. Kazi yake ni kuzisaka limfosaiti, zile chembe nyeupe zinazoongoza mashambulizi, na kuziua. Mgonjwa hutiwa dawa hii mshipani kwa siku tano mfululizo, na baada ya mwaka mmoja kwa siku tatu. Kwa wengi, tiba huwa imekwisha hapo.

Nguvu yake haina mjadala. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008, uliohusisha wagonjwa 334, alemtuzumabu ilipunguza mizuko kwa takriban robo tatu ikilinganishwa na interferoni beta. Lakini utafiti huo ulikuwa umewahi kusimamishwa. Mnamo Septemba 2005, utoaji wa dawa ulikatizwa baada ya wagonjwa watatu kupata hali ambapo mfumo wa kinga huziangamiza chembe sahani za mwili wake wenyewe. Mmoja wao alifariki kwa kuvuja damu ndani ya ubongo. Hali yake haikuwa imetambuliwa, na kipimo cha damu cha kila mwezi hakikuwa kimewekwa kuwa sharti.

Baada ya kifo hicho utaratibu ulibadilishwa. Wagonjwa walipimwa damu kila mwezi na kufundishwa alama za kuangalia. Visa vingine vya kupungua kwa chembe sahani viliendelea kutokea katika utafiti huo. Vilitambuliwa, na hakuna mgonjwa mwingine aliyekufa kwavyo. Dawa ilikuwa ile ile na hatari ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni kutazama.

Kwa nini dawa iliyokusudiwa kuutuliza mfumo wa kinga huufanya ushambulie upya? Maelezo yanayotolewa ni kwamba limfosaiti hazirudi zote kwa mwendo mmoja. Zile zinazotengeneza silaha hurudi mapema, ilhali zile zinazozisimamia na kuzituliza huchelewa. Ni kama mji ulioondolewa walinzi wote usiku mmoja, kisha vijana wenye mapanga wakarejea kabla ya wazee wa kuwaambia nani ni jirani. Mara nyingi kinachoshambuliwa ni tezi ya shingo, tatizo linalotibika bila shida kubwa. Katika majaribio, wagonjwa wapatao 2 kati ya 100 walishambuliwa chembe sahani. Wapatao 3 kati ya 1,000 waliharibika vichujio vya figo.

Miongoni mwa madhara hayo ya figo umo ugonjwa ambao Mmarekani Ernest Goodpasture aliueleza mwaka wa 1919, na ambao hadi leo huitwa kwa jina lake. Kingamwili hushambulia utando mwembamba unaoshikilia vichujio vya figo, na utando unaofanana na huo katika mapafu. Mgonjwa anaweza kukojoa damu au kukohoa damu, lakini anaweza pia asihisi lolote huku kiasi cha kreatinini katika damu kikipanda. Usipotibiwa upesi, ugonjwa huu humfikisha mtu kwenye mashine ya kusafisha damu au kuhitaji figo ya mtu mwingine.

Ulaya iliidhinisha alemtuzumabu kwa sklerosisi mwaka wa 2013 na Marekani mwaka wa 2014, zote kwa sharti moja: damu na mkojo vipimwe kila mwezi, na vipimo viendelee kwa miezi 48 baada ya dozi ya mwisho. Mwaka wa 2019, Shirika la Dawa la Ulaya lilibana zaidi matumizi yake baada ya madhara mengine ya moyo na mishipa ya damu kuripotiwa. Sharti la vipimo lilibaki. Ni sharti gumu kuliko linavyoonekana. Mgonjwa anajihisi mzima, pengine mzima kuliko alivyokuwa kwa miaka kumi. Dawa aliipokea miaka mitatu iliyopita. Naye anatakiwa kila mwezi aombe ruhusa kazini, apange foleni, atobolewe mkono, kwa ajili ya jambo ambalo kwa watu wengi halitatokea. Si ajabu kwamba mtu huchoka. Mwenye kumlaumu na ahesabu kwanza: safari hizo ni 48 baada ya dozi ya mwisho, mbali na zile za kabla yake.

Hesabu ya Uadimu

Yafaa kuuliza kwa nini tahadhari ya interferoni ilitolewa mwaka wa 2014 ilhali dawa ilikuwa sokoni tangu mwaka wa 1993. Kuna maelezo ya kihesabu yasiyohitaji kumshuku mtu yeyote. Tuseme dhara fulani humpata mtu 1 kati ya 5,000. Katika utafiti wa watu 372, uwezekano mkubwa ni kwamba halitaonekana hata mara moja. Wanatakwimu wana kanuni nyepesi: ili kuwa na hakika ya asilimia 95 ya kukiona kisa angalau kimoja, ni lazima kuwachunguza watu mara tatu ya idadi hiyo, yaani 15,000. Hakuna utafiti wa sklerosisi wa miaka ile uliokaribia idadi hiyo.

Kwa hiyo madhara adimu hugunduliwa baada ya dawa kuidhinishwa, na wagunduzi wake ni wagonjwa na wahudumu wa kawaida wanaoandika ripoti. Uingereza ilianzisha mpango wa kadi za manjano kwa kazi hii mwaka wa 1964, baada ya maafa ya thalidomaidi kwa watoto waliozaliwa na viungo visivyokamilika. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa kimataifa mwaka wa 1968, na tangu mwaka wa 1978 ripoti hukusanywa Uppsala, Uswidi. Kenya ilijiunga na mpango huo mwaka wa 2010 kupitia Bodi ya Dawa na Sumu. Ripoti ya mgonjwa mmoja wa Eldoret au Mombasa, basi, ina mahali pa kwenda. Lakini ili iandikwe, ni lazima kwanza mtu aseme alichokiona.

Damu Iliyovilia

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia kwa haki yake. Alama ya kwanza ya kupungua kwa chembe sahani huonekana katika ngozi. Karatasi zinazoandamana na dawa hizi, ambazo katika maduka ya Kenya aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, huwataka wagonjwa waangalie michubuko na madoa mekundu. Mfasiri mwenye haraka atatumia neno mchubuko. Neno hilo halifai. Mchubuko ni ngozi iliyokwaruzwa ikatoka juu. Ni jeraha lenye sababu inayojulikana. Kiswahili kina kitenzi ambacho kinabeba maana inayotakiwa: kuvilia. Damu iliyovilia ni damu iliyojikusanya chini ya ngozi, ngozi yenyewe ikiwa nzima. Mkunga, kocha wa kandanda na mama wa kawaida wa pwani wote wanaweza kulielewa neno hilo. Swali la muuguzi linakuwa jepesi: je, kuna mahali damu imevilia pasipo wewe kugongwa?

Alama ya pili ni vidoa vidogo vya ukubwa wa ncha ya kalamu, ambavyo havififii vikibonyezwa kwa kidole. Vitabu vya Ulaya huvieleza kuwa vyekundu au vya zambarau, na katika ngozi nyeupe ndivyo vilivyo. Katika ngozi nyeusi vidoa hivyo huweza kutoonekana kabisa, au vikaonekana kama weusi uliozidi kidogo. Maelezo yakifasiriwa neno kwa neno, mgonjwa mweusi atajitazama, asione wekundu wowote, na kujiambia kwamba yu salama. Mahali pa kutazama kwa mgonjwa huyu ni ndani ya mdomo, kwenye kaakaa na mashavu, katika utando wa ndani wa kope, na katika viganja na nyayo. Fizi zinazotoa damu wakati wa kupiga mswaki, damu ya pua isiyokoma na hedhi iliyozidi mazoea ni alama zisizotegemea rangi ya mtu. Mkojo nao utajwe kwa mifano ya nyumbani: wenye povu kama la sabuni, au wa rangi ya chai ya rangi. Kuna jambo jingine ambalo tafsiri haiwezi kulitatua peke yake. Wapo wagonjwa ambao, kwa adabu, hawatautaja mkojo wala hedhi mbele ya daktari wa jinsia tofauti au mwenye umri wa mtoto wao. Kwao itafaa zaidi kuulizwa na muuguzi wa rika lao.

Linabaki neno la mwisho, nalo ni neno lililotumika tangu katika kichwa cha makala haya. Katika karatasi za dawa za Ulaya, maneno ya uadimu si ya mapambo. Kila moja lina kipimo chake. Dhara linaloitwa la nadra humpata zaidi ya mtu 1 kati ya 10,000 lakini halimfikii 1 kati ya 1,000, na hapo ndipo vijigando vya interferoni vilipowekwa. Dhara la nadra sana humpata mtu chini ya 1 kati ya 10,000. Mfasiri wa Kiswahili, aliyezoea kutia neno sana mwishoni mwa sentensi ili kumtuliza msikilizaji, akiandika kwamba vijigando hivi hutokea nadra sana, atakuwa ameishusha hatari daraja zima kwa herufi nne.